Namna ya kupima hadithi ya "mazoezi ya siri ya makomando": mwongozo kamili kwa wanaokusanya kumbukumbu za Kolwezi

Vijana wa Kamalondo, Kenya na Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, wananiletea rekodi za wazee wao juu ya vita ya 1978 katika Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, ile tunayoiita hapa vita ya siku sita. Kazi ni nzuri na inahitajika, maana wazee wanaondoka. Lakini karibu kila rekodi ina kipande kimoja kinachojirudia, na kila kijana anakiandika kama kilivyo bila kukipima.

Kipande chenyewe ni hiki: kabla ya kuruka Kolwezi, askari wa Lejioni ya Kigeni, kikosi cha jeshi la Ufaransa kinachoandika wageni, walijenga Kolwezi ya bandia kisiwani Corsica, kwa mbao na vitambaa. Wakafanya mazoezi usiku kwa miezi mitatu. Kila kukipambazuka waliibomoa, ili setilaiti ya Warusi ikipita isione kitu.

Si kweli. Na uongo huu una madhara. Kama walifanya mazoezi miezi mitatu, basi walijua mapema. Na kama walijua mapema, mtu aliyezika ndugu yake huko Manika, mtaa wa Kolwezi, anaambiwa kwamba kifo kile kilikuwa sehemu ya mchezo uliopangwa. Nimemwona mama mmoja akisikiliza hadithi hiyo kwenye simu ya mjukuu wake, akaweka mikono kichwani. Tangu siku ile sikubali ipite tu.

Fuata hatua kwa mpangilio. Ukiruka ya pili, ya sita itakushinda.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari na kalamu. Simu peke yake haitoshi, kwa sababu utahitaji kuona vipande vyote kwenye ukurasa mmoja.
- Kalenda ya Mei 1978. Unaweza kuichora mwenyewe: tarehe 13 ilikuwa Jumamosi.
- Ramani inayoonyesha Corsica, Kinshasa, Kolwezi na Lubumbashi.
- Simu yenye chaji na nafasi ya kurekodi saa moja.
- Mashahidi wawili ambao hawakai lupango (ua wa nyumba) moja. Wanaokaa pamoja wamekwisha kusimuliana.
- Shuka kuukuu moja na vijiti vinne vya urefu wa goti.
- Jioni tatu. Usijaribu kumaliza kwa siku moja, hasa upande wa wazee.

## Hatua ya 1: Vunja hadithi vipande

Kosa ninaloliona kila mara ni kijana kuuliza: "Hadithi hii ni ya kweli au ya uongo?" Swali hilo halijibiki, kwa sababu hadithi ya namna hii imeshonwa kwa vitambaa vya rangi mbalimbali, vingine vya kweli kabisa.

Andika kila dai kwenye mstari wake:

1. Lejioni iliruka Kolwezi.
2. Ilifanya mazoezi ya shambulio hilo miezi mitatu.
3. Mazoezi yalifanyika ndani ya mji wa bandia wa vitambaa.
4. Mji huo ulibomolewa kila asubuhi.
5. Sababu ilikuwa setilaiti ya Warusi.

Mbele ya kila mstari acha nafasi ya maneno mawili: nani kasema, na alikuwa wapi.

Angalia usiandike "jeshi" tu pale mzee aliposema "jeshi". Mei ile kulikuwa na askari wa Zaire (ndilo jina la Kongo wakati ule), Wafaransa, Wabelgiji, na wale waasi wa Kikongo wa FNLC walioingia kutoka Angola kupitia Zambia. Ukichanganya majina sasa, huwezi kuyatenganisha baadaye.

Umefaulu ukiweza kufunika mistari minne kwa mkono, na ule uliobaki bado ukawa na maana peke yake.

## Hatua ya 2: Hesabu siku

Hapa ndipo hadithi inapoanza kupasuka. Chukua kalenda uweke alama kwa kalamu.

Jumamosi 13 Mei 1978, wapiganaji wa FNLC wanaingia Kolwezi. Jumanne tarehe 16, kundi la askari wa miavuli wa Zaire linarushwa na kupata hasara kubwa. Jumatano tarehe 17 asubuhi, Kikosi cha Pili cha Miavuli cha Lejioni, 2e REP, kinapewa taarifa ya tahadhari huko Calvi, Corsica. Alhamisi tarehe 18 kinasafirishwa kwa ndege hadi Kinshasa. Ijumaa tarehe 19, jua likielekea kuzama, watu takriban 400 chini ya Kanali Philippe Erulin wanaruka juu ya Kolwezi. Jumamosi tarehe 20 asubuhi wengine wanafuata, na siku hiyohiyo Wabelgiji wanatua uwanja wa ndege.

Sasa weka kidole juu ya 17, kisha juu ya 19. Kati yake kuna siku moja, na siku hiyo waliimaliza angani na kwenye uwanja wa ndege wa Kinshasa. Kolwezi ya vitambaa ingejengwa lini?

Huenda mtu atakujibu: "Walijua tangu zamani, tahadhari ya tarehe 17 ilikuwa maigizo." Usibishane naye kwa maneno. Mwambie asubiri hatua ya tatu, kwa sababu kalenda inaweza kudanganywa na mtu mwerevu, lakini kamba za mwavuli haziwezi.

Onyo: usihesabu kwa kumbukumbu ya mzee. Mzee anakumbuka kwa matukio: siku maji yalipokatika, siku mtoto alipougua. Hiyo ni kalenda nzuri sana, ila lazima wewe uipachike juu ya tarehe.

Umefaulu ukiona kwamba dai la pili halina mahali pa kukaa kwenye ukurasa wako.

## Hatua ya 3: Angalia walichovaa na walichobeba

Mtu aliyejiandaa miezi mitatu huonekana kwa vifaa vyake. Fundi anayekwenda kazi aliyoipanga hubeba bisibisi inayoingia kwenye skrubu ile.

Askari wale walifika Kinshasa bila miavuli yao. Walipewa ya Kimarekani aina ya T-10 kutoka ghala la jeshi la Zaire, ambayo hawakuizoea. Ilibidi waelezwe harakaharaka namna ya kuivaa. Tatizo lililokuwa baya zaidi lilikuwa mifuko yao ya silaha na vifaa: vishikizo vya mifuko ya Kifaransa havikukubali pete za mikanda ya Kimarekani. Wakafunga kwa waya na kamba.

Kaa kidogo na picha hiyo. Mtu hajalala vizuri tangu Corsica, amesongamana na wenzake ndani ya ndege, na mzigo wake umefungwa kwenye paja kwa waya. Anaruka juu ya mahali asipopajua, anaangukia kwenye majani yaliyompita kimo na vichuguu vigumu kama saruji. Aliyechora mpango kule Kinshasa alikuwa Kanali Yves Gras, mkuu wa ujumbe wa kijeshi wa Ufaransa, na aliuchora kwa haraka ileile.

Hata magari yao hayakuwa nao. Yalikuja nyuma, yakashushwa hapa Lubumbashi na ndege za Marekani, kisha yakashika barabara ya Likasi kwenda Kolwezi. Kumbuka jambo hili, litakusaidia kwenye hatua ya sita: mzee wa Lubumbashi anayesema "niliwaona Bafaranza hapa na magari yao" anaweza kuwa anasema kweli tupu. Aliwaona baada ya kuruka.

Umefaulu ukiweza kumweleza mdogo wako habari ya waya na mikanda bila kusoma, naye akauliza mwenyewe: "Mbona hawakuja na miavuli yao?"

## Hatua ya 4: Tafuta hadithi ilikotoka

Wengi wanaishia hatua ya tatu wakiwa wameridhika. Usiishie hapo. Ukimwambia mtu "si kweli" bila kumwonyesha jambo lilipozaliwa, kesho atalirudia, kwa sababu kichwani mwake bado lina picha nzuri.

Kambi ya bandia ya mbao na vitambaa iliwahi kuwapo kweli. Ilikuwa Florida, Marekani, kwenye kambi ya anga ya Eglin, mwaka 1970, miaka minane kabla ya Kolwezi. Wamarekani walitaka kuwatoa wenzao waliofungwa Son Tay, Vietnam ya Kaskazini, kama kilomita 37 magharibi ya Hanoi. Walifanya mazoezi kuanzia Septemba, chini ya Jenerali Leroy Manor na Kanali Arthur Simons, wakirudia shambulio lilelile mara nyingi mno, mchana na usiku. Walikuwa pia na mfano mdogo wa kambi hiyo uliotengenezwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, uliopewa jina la Barbara.

Usiku wa kuamkia 21 Novemba 1970, askari 56 walishuka Son Tay. Walikaa ardhini kwa muda usiofika nusu saa. Hawakumkuta mfungwa hata mmoja. Wafungwa walikuwa wamehamishwa tangu Julai.

Sasa fikia kiini. Kuhusu kambi ile ya Eglin ndipo ilipozaliwa habari kwamba ilibomolewa kila siku kwa kuogopa setilaiti ya Kisovieti. Imechapishwa na kurudiwa kwa miaka mingi, na watu waliokuwa kwenye mazoezi yenyewe wameikanusha. Kwa hiyo kilichofika kwetu ni uzushi wa mahali pengine, juu ya vita vya watu wengine, kikavishwa jina la Kolwezi. Redio trotuari, yaani uvumi wa barabarani, haina mpaka wala viza.

Nakuomba usimdharau aliyeieneza. Mtu aliyepatwa na jambo kubwa ghafla hutafuta sababu kubwa inayolingana nalo. Waya na kamba ni sababu ndogo mno kwa msiba mkubwa kama ule.

Umefaulu ukiwa na mstari mmoja kwenye daftari unaosema: "Dai la 3: ni kweli, lakini Florida, 1970. Dai la 4 na la 5: uzushi juu ya Florida."

## Hatua ya 5: Jaribio la shuka

Hili ni fupi, na vijana wanalipenda. Simika vijiti vinne kwenye lupango yenu, vifungie shuka kama ukuta. Waambie watoto wapite katikati yake mara ishirini, mlango uleule. Kisha ng'oa kila kitu.

Panda ghorofani kwa jirani, au juu ya mwembe, uangalie. Utaona mashimo manne. Utaona njia nyeupe iliyokanyagwa, na mahali udongo ulipogeuka rangi. Shuka halipo, lakini umbo la nyumba bado limekaa chini.

Sababu ya jaribio: hadithi inadhani kwamba kukiondolewa kitambaa hakuna kinachobaki. Kanyago za watu wengi hazing'oki alfajiri. Tena setilaiti za kijasusi za Kisovieti za miaka ile zilipiga picha kwenye filamu, na filamu ilipaswa kurudishwa duniani ndipo isafishwe na kutazamwa. Kubomoa na kujenga upya kila siku kungekuwa kazi kubwa ya kuficha kidogo sana.

Umefaulu watoto wakikuonyesha wao "mlango" ulikuwa wapi.

## Hatua ya 6: Rudi kwa mzee

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, nami niliwahi kuiharibu. Nilimwambia mzee mmoja mbele ya wanawe kwamba jambo alilosema haliwezekani. Hakukasirika. Alisema tu, "Basi weye ndiye unajua," akanyamaza. Alikuwa Kolwezi siku zote sita, na hakunisimulia tena mpaka alipofariki.

Kwa hiyo: usiende kumsahihisha. Nenda kuuliza alichoona. Keti chini yake kidogo, msalimu, ulizia afya na watoto, ngoja maji yaletwe. Usitoe simu kabla hajakubali kurekodiwa. Kisha uliza mwili wake ulikuwa wapi, siyo anafikiri nini. Mazungumzo yaliyofaulu, ya kijana mmoja wa Katuba na babu wa rafiki yake, yalikwenda hivi:

— Baba, ile siku ndege zilikuya, weye ulikuwa wapi?

— Mu nyumba, kule Manika. Tulikuwa paka (tu) chini ya kitanda na batoto.

— Ulisikia nini ya kwanza?

— Ndege. Nzito, zinapita chini. Njo nikafungua mulango kidogo. Nikaona bantu banashuka kama uyoga.

— Jua lilikuwa wapi, Baba?

— Lilikuwa linaingia.

— Na ile ya kujenga Kolwezi ya bitambaa, ulionaka na macho?

— Hapana, mwana. Ile nilisikiaka huku Lubumbashi, nyuma ya vita.

Tazama kilichotokea. Kijana hakusema hata mara moja kwamba ni uongo. Mzee mwenyewe alitenganisha *nilionaka* na *nilisikiaka*, na heshima yake ikabaki nzima. Na "jua lilikuwa linaingia" ni ushahidi wa dhahabu: ni tarehe 19.

Mzee mwingine atakuambia miavuli ilianguka asubuhi. Usimkatize! Wa pili waliruka tarehe 20 asubuhi, na kabla yao wote kulikuwa na askari wa Zaire tarehe 16. Wazee wawili wanaopingana juu ya saa wanaweza kuwa wote wawili wakweli, kila mmoja na miavuli yake. Nimeona kijana akifuta ushuhuda mzuri kwa kudhani mzee amekosea.

Mambo matatu ya kujihadhari nayo:

Kwanza, usimwekee mzee neno mdomoni. "Waliruka jioni, siyo Baba?" siyo swali. Atakubali kwa adabu tu.

Pili, akinyamaza, nyamaza naye. Watu wengi walikufa siku zile, raia wa hapa na wageni, na mengine hayasemeki kwa mara ya kwanza. Akisema yatosha, zima simu na ubaki umeketi.

Tatu, na hili nalisisitiza kuliko yote: mwongozo huu ni wa mambo ya mwaka 1978. Ukiletewa leo sauti au video inayosema kikosi fulani kinafanya mazoezi ya siri mahali fulani, usiende kuangalia, usipige picha kambi yoyote, usimpigie askari unayemjua. Kwa habari ya leo fanya hatua ya 1 na ya 2 tu, ukiwa umeketi nyumbani, na usiitume kwa mtu. Kuna watu wamekimbia nyumba zao usiku na watoto mgongoni kwa sababu ya sauti ya dakika moja.

Umefaulu ukiwa na orodha mbili kutoka mdomoni mwa mzee yuleyule: aliyoyaona, na aliyoyasikia.

## Hatua ya 7: Sahihisha palepale ilipopita

Kama hadithi ilipita kwa sauti ya WhatsApp, masahihisho nayo yapite kwa sauti, kwenye kundi lilelile. Maandishi marefu hayasomwi na watu wale waliosikiliza.

Anza na jambo la kweli, siyo uzushi. Ukianza kwa kusema "Wanasema Lejioni ilijenga mji wa bandia…", nusu ya watu watasikia hapo tu, kisha simu itaita. Isizidi dakika moja na nusu. Usitaje jina la aliyetuma. Mfano wa maneno, yabadilishe yawe yako:

"Jamani, salamu. Wale askari wa 1978 walipewa habari Jumatano tarehe 17, Ijumaa tarehe 19 wakaruka. Walikuwa na miavuli ya kuazima na mizigo imefungwa kwa waya. Mji wa vitambaa ulikuwa Marekani, mwaka 1970, kwa kazi nyingine ya Vietnam, na hata ule haukuwa unabomolewa kila siku. Mwenye baba au mama aliyekuwa Kolwezi siku zile, tunaomba aje atusimulie aliyoyaona."

Sentensi ya mwisho usiiache. Masahihisho yasiyofungua mlango hufunga midomo, na sisi tunahitaji midomo ifunguke. Mara mbili nimeona sauti ya namna hii ikileta ushuhuda mpya kabla ya jua kuzama, mmoja wao kutoka kwa mama aliyekuwa hajawahi kuulizwa na mtu.

Rekodi ya zamani yenye hadithi ya vitambaa usiifute. Ibandike jina, tarehe uliyorekodi, na maneno haya: "dakika ya 14, alisikia Lubumbashi baada ya vita." Sehemu iliyobaki ya sauti hiyo ni ya mzee, alikuwapo, na kuna dakika arobaini za mambo aliyoyaona ambazo bado hakuna aliyeziandika.